Kwa Nini Bibi Yako Anaishi Singe

Nakwa, Babati

Mjukuu wangu Emanueli,

Marahaba. Mahindi yamebeba vizuri mwaka huu, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kwa nini bibi yako alinihama akaenda kuishi kwa huyo shangazi yako, Singe. Nitakujibu.

Nilipokuwa kijana, baba yangu alianza kuchoka bila kazi. Siku moja tukiwa machungani akaniambia, "Mwanangu, nguvu za kiume zimeniisha. Sijui naumwa nini." Nilicheka. Nikawasimulia wenzangu kilabuni, wakambandika jina baya, naye akalisikia. Hakuniambia tena habari za mwili wake mpaka tukamzika.

Yaliponipata mimi, nilifunga mdomo miaka sita. Nilihama chumba. Bibi yako akauliza, "Una mwanamke mwingine?" Nikanyamaza, maana niliona afadhali aamini hivyo. Akaondoka.

Mwaka huu ndipo nilipokwenda hospitali. Walinipima damu asubuhi mbili tofauti. Daktari akasema, "Mzee, homoni ya kiume imeshuka sana, na una kisukari. Yote mawili yana tiba. Ulikuwa wapi?"

Sasa natumia dawa, natembea, nimepunguza unene, na nguvu zinarudi taratibu. Nilikwenda Singe kumweleza bibi yako ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Yohana," akasema, "ningekuuguza."

Akaingia ndani. Shangazi yako akaniletea chai uani, nikainywa peke yangu.

Ni mimi babu yako.