Eda Haikatazi Kunitukana

Mbagala, Dar es Salaam

Kwa Bibi yangu Zuhura, Mitole.

Shikamoo Bibi. Tangu niote meno hujawahi kuipata hii kutoka kwangu, maana wake wenza hawashikani miguu. Leo naitoa kwa kuwa wewe ndiye uliyeanza. Siku hizi nikipiga simu unaniita mjukuu wangu, unaniombea dua, kisha unampa Hawa simu. Basi na mimi nina adabu. Hujambo? Goti linasemaje? Uji wanakuletea ungali moto? Mimi ni mzima, kazi ipo, namshukuru Mungu.

Hawa binamu yangu, wewe unayemsomea Bibi, soma kwa sauti na usiruke neno. Ukifika pagumu kunywa maji, uendelee.

Bibi, kazi yangu ya kuigiza unaijua tangu ilipoanza. Mara ya kwanza niliposikika redioni nilikuwa kuku. Wenzangu walikuwa wanakimbiza kuku wa kumchinjia mgeni, na kuku ndiye mimi, basi. Ukanipigia: "Makubwa haya! Bwana kaniacha mie mzee wa watu, kaenda kuoa kuku!" Nikamsikia Babu nyuma yako anacheka mpaka anakohoa. Kutoka kuku nilipanda cheo nikawa mama mkwe mchoyo, na huyo ndiye aliyenilisha miaka yote hii. Nikiagiza nyama buchani watu wanageuka kwa kusikia sauti tu. Filamu zilipokuja, huko walinitaka nianguke. Nimeangushwa matopeni, nimeangushwa ngazini, nimeangushwa juu ya keki ya harusi. Redioni unaumia koo, kwenye filamu unaumia kiuno. Silalamiki, hakuna kazi nyingine ambayo ningeiweza.

Sasa tuzungumze la msiba, maana ndilo lililonikalisha chini kuandika. Babu alipofariki mvua ilikuwa imekata barabara, mabasi ya kusini yote yamelala stendi. Nilikaa pale na begi langu mpaka Baba mdogo Saidi alipopiga kuniambia mmeshamzika. Nikaenda kazini. Ningekwenda wapi? Mchezo wetu wa redio unarushwa moja kwa moja kila jioni, na wenzangu walikuwa wananingoja.

Kwetu, babu akifa, wajukuu ndio wenye haki ya kumfanyia utani. Wanavaa kofia yake, wanatembea kama yeye, wanazuia jeneza lisitoke mpaka wapewe chao. Wewe mwenyewe ulinisimulia ulivyovaa kanzu ya babu yako ukadai chai mbele ya waombolezaji. Zamu yangu ilifika nami sikuwepo. Basi nikaifanyia palepale nilipokuwa.

Nikamleta Babu, kwa sauti yake, kwenye mizani ya korosho, anagoma kupima gunia mpaka apande yeye kwanza: "Mimi uzito wangu naujua. Huyu mizani simjui." Kisha nikampeleka kaburini, na huko nako akawagomea wachimbaji: "Fupi hili. Mmepima kwa kamba ya nani?" Wenzangu walicheka hadi fundi mitambo akajifunika uso. Nilicheka nao. Matangazo ya biashara yalipoingia nililia, yalipokwisha nikaendelea.

Kesho yake Baba mdogo akanipigia. Kumbe kuna mtu alirekodi, ikafika matangani, nawe ukaisikia.

"Somoe, umemtukana marehemu mbele ya nchi nzima."

"Baba, ule si utani?"

"Utani wa uani! Hao wanaokusikiliza huko, yupi mtani wa mzee wangu?"

Jibu lake mpaka leo sijalipata lote. Utani una wenyewe. Mtu asiye mtani wako akikucheka, amekucheka tu. Lakini mbele ya kipaza sauti nilikuwa bado mjukuu wake, na sikuifanyia nchi nzima. Nilimfanyia yeye.

Baba mdogo alinigombeza akachoka, tukapatana. Wewe ndiye hujasema neno. "Hujambo mjukuu wangu, Mungu akulinde," basi, kama unaongea na mtu wa sensa. Hawa ananiambia ni eda, nikuache. Bibi, eda imekukataza uturi, imekukataza hina na kutembea mitaani. Haijakukataza kunitukana.

Na kuna jambo linalongoja. Mtengeneza filamu mmoja ameisikia ile sauti, anataka nimwigize mzee yule filamu nzima. Safari hii filamu ni yangu, si ya kuanguka na keki. Kwa mwanamke wa umri wangu nafasi hii haiji mara mbili, na ninaitaka, sikufichi. Wanataka jibu kabla ya msimu wa korosho ili wapate magunia ya kweli. Nimewaambia marehemu ana mke mkubwa, sina amri peke yangu. Walidhani nawachekesha.

Ukikataa nitakataa, wala sitanuna. Lakini usinikatalie kwa adabu. Ukiniombea dua tena na kumpa Hawa simu, nitajua msiba umenichukulia babu na bibi kwa pamoja, na hilo siliwezi.

Nisalimie mama, mwambie dera lake lipo, nalileta mwenyewe. Msalimie Baba mdogo Saidi na mkewe aliyesonga ugali wa matanga yote. Msalimie na Mama Pili, jirani anayekuja kukaa nawe mchana. Hawa, ahsante kwa kusoma.

Simu yangu iko wazi kila siku baada ya adhuhuri. Ukipiga, usinisalimu.

Ni mimi, mjane mwenzako,
Somoe