Mzee Aldo na Beti za Shangazi

Jumapili, 25 Januari 2015

Leo arbab, bosi wangu, kaniazima. Kama ngazi! Nimeingia dukani, hata chai sijanywa, Mr. Waleed ananiambia yalla Afrah, chukua mkoba, Wataliani wanakutaka. Wataliani gani tena?

Kumbe kuna maonyesho madogo yamefunguliwa kwenye nyumba moja ya zamani hapa hapa Bur Dubai, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Yanamhusu mchapaji wa Venice, Aldo Manuzio. Ijumaa ya wiki ijayo atatimiza miaka mia tano tangu afe. Wameleta mashine ya kuchapia ya mbao kama za enzi zake, na mtu wa kuiendesha mbele ya wageni. Mtu huyo kashikwa na tetekuwanga. Arbab ndiye anawauzia karatasi, akawaambia ninaye msichana anayejua kuchapa.

Msichana! Miaka thelathini na minane. Na kujua kuchapa kwangu ni kubonyeza kitufe. Miaka saba napanga kadi za harusi na menyu za biriani kwenye kompyuta.

Mashine yenyewe ni ndefu kunipita. Skrubu nene katikati na mkono wa kuvuta. Madam Loredana, mkubwa wao, kanivika aproni na kofia ya kiume ya kizamani juu ya mtandio. Nimejiona kwenye kioo nikacheka mpaka machozi.

Jumanne, 27 Januari

Nimeipenda kazi hii. Nasema mapema nisije nikajifanya baadaye.

Herufi ni vijiti vya madini ya risasi. Unaviokota kimoja kimoja kwenye kisanduku, unavipanga mstari, na vyote vimegeuka, ili vikishapigwa kwenye karatasi vikae sawa. Wageni wanapewa kioo ndipo wasome. Mimi nilisoma tu. Madam Loredana akadhani nimekariri, akanipangia mstari mwingine. Nikasoma. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia chuo cha Kurani, Kuze, Mombasa, kwa mwalimu mwenye bakora. Nasoma kutoka kulia tangu nina miaka mitano, mwanamke, hainitishi hii.

Mlinzi wa mlangoni ni Mkenya pia, Zadock, mtu wa Vihiga. Ana mikono kama magogo. Mimi kuvuta ule mkono wa mashine mara tano nimekwisha. Yeye anavuta kwa mkono mmoja huku anaongea. Nikamuuliza na mlango je? Anasema mlango anauona kutoka hapa, hauendi popote.

Halafu huyu Mzee Aldo! Nasoma mabango ukutani wageni wakipungua. Alikuwa mwalimu. Kapita arobaini, wenzake wanatafuta pa kukaa wapumzike, yeye ndiyo kwanza anafungua matbaa yake ya kuchapa vitabu. Nilifurahi kama nimeambiwa mimi. Nyumbani kwake watu kama thelathini, wapanga herufi, wasomi, familia, wote chini ya paa moja. Na mlangoni kabandika tangazo: yeyote uliye, sema haraka unachotaka, kisha nenda zako. Wallahi nalitaka lile tangazo kwenye kaunta yetu. Hasa kwa mama wa bibi harusi.

Alhamisi, 29 Januari

Habari kubwa. Madam kasema kabla ya kufunga, Ijumaa tarehe sita, naruhusiwa kuchapa kitu changu mwenyewe. Karatasi moja, nakala ishirini. Karatasi moja ukiikunja inatoa kurasa nane, kijitabu cha kushika mkononi. Ndiyo hasa sifa ya Mzee Aldo, kuvifanya vitabu vidogo, mtu atembee navyo badala ya kuviwekea meza.

Sikufikiri hata kidogo. Beti za Shangazi Hadijah!

Shangazi ni dada yake marehemu baba. Miaka sabini na moja na ulimi mkali kuliko wembe. Yuko hapa hapa, Al Rigga, kwa mwanawe Raed, kaja kutembea. Jumamosi tarehe saba anarudi Mombasa. Beti zake zinaimbwa harusi zote za Mji wa Kale, na hakuna anayejua ni zake. Kwa sababu zamani jamaa mmoja wa ukoo wetu aliazima daftari lake, akapeleka kwa mpiga chapa, kikatoka kijitabu kina jina la huyo jamaa. Makosa kila ukurasa! Shangazi alikikuta kinauzwa nje ya msikiti. Akasema mimi na chapa basi. Watu wa redio walimfuata, akakataa. Walimu walimfuata, akawapa kahawa na kuwaonyesha mlango. Daftari liko kwenye sanduku lake, na ufunguo hauondoki shingoni.

Lakini mimi ninazo beti saba kichwani, nimezipata akinisuka nywele. Ukurasa wa kwanza jina lake, saba zinazobaki beti moja moja. Hesabu imekubali yenyewe! Nitamshtukiza uwanja wa ndege, akiwa keshakata tikiti hawezi kunipiga.

Jumapili, 1 Februari

Siku imeharibika, na aliyeiharibu ni Zadock.

Nilikuwa namsimulia kisa cha Lyon. Watu wa Lyon, Ufaransa, walikuwa wanaiga vitabu vya Mzee Aldo. Wakaiga mpaka herufi zake za kulala, hizi tunazoziita italiki. Karatasi mbaya, makosa tele. Mzee akapandwa na hasira, akachapa orodha ya makosa yao yote ili wanunuzi wawatambue. Wale jamaa wakaichukua orodha, wakasahihisha makosa, wakaendelea kuuza! Nilicheka nikashika mashine.

Zadock naye alicheka. Kisha akaniuliza taratibu tu, na wewe dada, shangazi yako amekupa ruhusa?

Nikamwambia nenda kalinde mlango wako. Akaenda. Lakini tangu hapo sina raha. Nimejiona ni Mzee Aldo, kumbe mimi ni mtu wa Lyon. Tena wa Lyon hawakuwa wamesukwa nywele na Mzee Aldo.

Jumatatu, 2 Februari

Nimekwenda Al Rigga kwa Shangazi moja kwa moja kutoka kazini. Nimemwambia yote. Mashine, Wataliani, beti, mpaka mpango wa uwanja wa ndege. Moyo unapiga kama nimeiba kuku.

Akanisikiliza huku anachambua mchele. Akauliza nani kanifunza beti zake. Nikamwambia ni wewe, ukinisuka, kila msuko beti yake. Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akaliangalia, akaliweka kando. Mimi nakufa!

Mwisho akasema hajasema ndiyo, wala hajasema la. Nichape, aje aone kwa macho yake. Akikuta kosa, anazichana zote ishirini mbele yangu. Na mbele ya Wataliani wangu.

Nimerudi nimekaa ghorofa ya juu ya basi, natabasamu peke yangu kama mwehu. Pia naogopa.

Jumatano, 4 Februari

Mtaliano hana haja na K!

Nimepanga ukurasa wa kwanza, wa pili, nanyoosha mkono kwenye kisanduku — K zimekwisha. Kumi na mbili tu. Nimegeuza kisanduku chini juu. Madam anasema hizi herufi zimetengenezwa kwa mfano wa zile za Mzee Aldo, na kule K si kitu cha kila siku. W ndiyo haipo kabisa! Sasa Kiswahili bila K naenda nacho wapi? Hata jina lake huyo Shangazi nimeshukuru halina.

W nimeweka V mbili zikibanana. Madam anasema hata wa zamani walifanya hivyo, nimefurahi. K haina dawa. Kwa hiyo napanga kurasa mbili, tunapiga ishirini, nafumua, naosha, napanga mbili nyingine kwa K zile zile. Karatasi hiyo hiyo inapita mashinani mara nne. Zadock kavuta mara themanini jana na leo. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakampigia makofi. Anasema Ijumaa atalala mpaka Jumatatu.

Nimesoma kila mstari mara tatu. Kosa hakuna. Kesho tunakunja.

Alhamisi, 5 Februari

Ole wangu.

Wino umekauka, karatasi nzuri, herufi zimekaa kama zimechorwa. Nikakunja ya kwanza, nikaifungua, nikampa Madam kwa fahari. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akapiga ukelele wa Kitaliano.

Kitabu kinafunguka kutoka kulia! Jina la Shangazi liko pale panapokaa ukurasa wa mwisho, beti ya mwisho ndiyo iko mbele. Nimezipanga kurasa kama juzuu ya Kurani. Mikono ilipanga yenyewe, mimi niko bize na K. Madam alinipa mchoro wa kupanga kurasa tangu Jumanne, nikauweka mfukoni, nikamwambia madam, najua. Najua nini? Mazoea yale yale yaliyonifanya nisome bila kioo ndiyo yameniangusha.

Zadock kashauri nigeuze kitabu juu chini. Tukajaribu. Beti zikasimama kwa vichwa.

Kurudia ishirini haiwezekani. Herufi nimeshazifumua zote, na kesho saa kumi na moja jioni mashine inafunguliwa mbao mbao na kuingia kwenye makasha. Nimekwenda chooni nikalia kidogo. Nikanawa uso, wino ukasambaa mpaka kwenye masikio. Nikatoka, Zadock akaniona akageukia ukuta mabega yakimtikisika. Nikacheka na mimi, ningefanyaje.

Bado nakunja. Zimebaki sita.

Ijumaa, 6 Februari

Naandika nyuma ya karatasi iliyoharibika, nimekaa juu ya kasha. Saa kumi na moja kasoro dakika ishirini. Nikisubiri mpaka nyumbani nitasahau Shangazi alivyosema.

Shangazi kaja baada ya sala, buibui limepigwa pasi, Raed nyuma yake kashika mkoba. Madam Loredana alikuwa anawaeleza wageni kwamba Mzee Aldo alipokufa, jeneza lake lilizungushiwa vitabu vyake kanisani. Shangazi akaniuliza huyu anasema nini. Nikamtafsiria. Akasema, "Wamemfanyia adabu."

Kisha akanyoosha mkono. Nikampa kijitabu.

Akakishika upande wa kulia, akakifungua. Hivyo tu! Hakugeuza, hakutafuta. Jina lake lile pale. Akapitisha kidole juu yake, si mara moja. Akaendelea, midomo inacheza. Madam hakuvumilia, akaanza kuomba radhi, kitabu kiko kinyume. Nikatafsiri. Shangazi hata kichwa hakuinua. "Kinyume wapi? Mbona nimefungua nikakuta jina langu?"

Beti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akasimama, akaomba penseli. Beti yenyewe hii:

Usilie kwenda mbali,
njia haina kufuli,
ukichoka na shughuli
kwenu bado kuna kwenu.

Kaukata mstari wa tatu. Nikasema Shangazi, kosa liko wapi, nimesoma mara tatu! Akasema, "Kosa langu, si lako. Hii niliitunga ulipokuwa unaondoka. Nilidhani utachoka." Akaniangalia kuanzia kofia mpaka mikono, nyeusi mpaka kwenye viwiko. Akaandika pembeni: *ukinogewa shughuli.*

Nimefuta pua kwa aproni, sasa na pua nyeusi.

Nikamwambia nitachapa kipande nibandike juu yake. Akasema kiraka hataki, hajawahi kuvaa kiraka. Apigiwe karatasi nzima upya. Shangazi, hiyo ni kurasa nane, na hawa watu wa makasha wako mlangoni! Akauliza hiyo mashine inavutwaje.

Zadock kawasimamisha watu wa makasha, anawaomba karatasi zao za ruhusa na anazisoma herufi moja moja, mgongo wa karatasi pia. Madam ananionyesha saa, halafu anamwangalia Shangazi, halafu anafunika saa kwa mkono wa nguo. Raed kaulizia habari ya kwenda kufunga masanduku, hajajibiwa.

Shangazi kavua bangili, kanitilia mfukoni. Keshachafua buibui. Ukurasa wa kwanza umesimama, jina lake kalipanga mwenyewe, herufi kwa herufi, na anadai beti nyingine mbili zina walakini. Nimemuuliza mara mbili, Shangazi, basi ni ndiyo au ni la? Anasema niache kuandika huko, nilete karatasi.