Mwendo wa Kurudi Ambao Sikuutembea

Anselmi ndugu yangu,

Wiki iliyopita nilikwenda Sange, nivo, kile chombo cha kupimia usawa wa ardhi, begani, nikaifanya ile kazi niliyokuambia nimeimaliza tangu tukiwa shule. Ndiyo sababu nakuandikia. Kama ungekuwa hai ningekuja mwenyewe Makobola nikuambie uso kwa uso. Hapana, tusidanganyane tena. Ulipokuwa hai nilikuwa na miezi minane ya kuja, na sikuja.

Kwanza nikupe habari za meza yetu ya dirishani, watu wanne na sanduku moja la bikari. Feliki yuko bandarini Kalundu, anasimamia kreni, na anapiga kelele kuishinda kreni yenyewe. Joakimu yuko Bukavu anachora ramani; hata barua zake anazipigia mstari kwa rula. Mimi nilichukuliwa na kampuni ya pamba, sasa niko ofisi ya barabara, nina watu kumi na wawili chini yangu na kofia ngumu inayoniwasha kichwa. Hakuna aliyeitwa injinia. Unakumbuka Feliki alivyokasirika tulipoambiwa cheo hicho si chetu hata tusome vipi? Ukamcheka: "Cheo wabakie nayo, siye tubakie na hesabu." Tulikuita Bwana Hesabu mwezi mzima.

Na wewe ndiye uliyefukuzwa kwa hesabu.

Siku ile tulipopima njia ya mfereji wa maji Sange, ulikuwa na homa. Tulikuwa wawili kama kawaida: mimi kwenye nivo nasoma, wewe umeshika mira, ule ubao mrefu wenye namba, unauhamisha kigingi kwa kigingi kutoka kwenye jiwe la barabarani hadi mtoni. Tulipofika mtoni ulikuwa unatetemeka, meno yanagongana. Nikakulaza kwenye kivuli, nikakufunika koti langu, nikasema mwendo wa kurudi nitaufanya na kibarua mmoja. Ukaniambia, "Rudia polepole, Boni." Ukalala.

Wewe unajua, lakini acha niandike. Mpimaji hupima kwenda, halafu hupima kurudi kwa vigingi vilevile mpaka kwenye jiwe alikoanzia. Namba zikikubaliana, kazi ni safi. Zisipokubaliana, kuna mahali amekosea, na inabidi aanze upya. Mwendo wa kurudi ndio dhamiri ya kazi yenyewe.

Mimi sikurudi. Bwana mmoja wa kampuni ya pamba alikuwa amekuja shuleni siku ile kuchagua vijana, na lori la mwisho la kuturudisha Uvira lilikuwa linaondoka saa tisa. Nilikaa juu ya sanduku la nivo, nikapika namba za kurudi, moja baada ya moja, zote zikakubaliana vizuri. Vizuri mno. Nikakuamsha tukapanda lori. Nikamwona yule bwana, akanipenda.

Jioni, na homa yako, ukanakili rasimu yangu kwenye daftari safi kwa ule mwandiko wako mzuri. Kwa desturi ya shule yetu, anayenakili ndiye anayetia sahihi. Ukatia.

Mfereji ulichimbwa. Maji hufuata mkondo, lakini yale hayakupewa mkondo. Yaliingia, yakasimama, yakarudi nyuma kwenye vitalu vya mpunga, na miche yote ikaoza. Akina mama wa Sange walisimama ukingoni wakitutazama. Mwalimu akatukusanya darasani, akainua daftari, akauliza mwandiko huu ni wa nani. Ukasimama. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Vilikuwa vipya, vya kuendea kazini.

Hayo bado ningeweza kuyabeba. Nisichoweza kukibeba ni kile ulichoniuliza ukifunga mkeka wako. Uliniuliza taratibu, bila hasira: "Boni, ulirudia kweli?" Nikasema nilirudia. Ukatikisa kichwa, ukatazama mkono wako wa kulia. "Basi ni minye nilikosea kuandika. Ni ile homa." Ukaniachia bikari, zamu yako ya wiki ile, ukaenda kwenu.

Uliniamini, Anselmi. Ulikwenda kushika koleo kwenye barabara ya Fizi ukiuchukia mkono wako mwenyewe, na homa ikakumaliza hivyohivyo, mwezi mmoja kabla sisi hatujapewa diploma.

Nilikuja kwenye msiba wako. Nilipanga kusema. Baba yako akanishika mkono mbele ya watu wote, akaninawisha mwenyewe, akaniwekea bugali na ndagala, dagaa wa ziwani, alizovua kwa mikono yake. Akasema: "Weye uko muntu ya maana, Boni. Ule mwana wangu alikuwa na akili, lakini alikuwa muvivu wa kuangalia. Alituletea haya." Wazee wakaitikia. Wote walinitazama, wakingoja nikutetee.

Nikala. Nilimega, nikachovya, nikala mpaka sahani ikaisha, nikashukuru. Tangu siku ile ndagala hazipiti kooni mwangu, na watu wa hapa wananicheka, Mvira gani asiyekula ndagala.

Sasa ofisi imenituma Sange kuurekebisha mfereji uleule. Nililitafuta lile jiwe la barabarani, likawapo. Nikapima kwenda, nikapima kurudi, kigingi kwa kigingi, polepole kama ulivyoniambia. Kosa nililiona kabla ya mtoni: nilisoma tatu palipokuwa na nne. Ningerudi siku ile, ningelikamata kabla jua halijatua. Kisha nikalifungua daftari lako, lililohifadhiwa na karatasi za mfereji katika kabati la ofisi, na kulilinganisha na rasimu yangu, ambayo sijui kwa nini sikuichoma. Hukukosea hata nukta. Homa haikukukosesha kitu.

Jana nimempelekea mkubwa wa shule barua yenye hayo yote. Labda kofia hii ngumu nitaivua mwezi huu. Sawa. Mficha uchi hazai.

Lakini baba yako hasomi barua, na shule si yeye. Kwa hiyo nakuahidi hili: Jumapili, baada ya misa, nitapanda lori la Fizi nishuke Makobola. Ataleta maji ya kunawa, namjua. Sitanawa. Nitasimama, nitasema mbele ya wazee walewale kwamba mkono wa mwanawe ulikuwa safi. Baada ya hapo akinipa chakula, nitakula. Asiponipa, nitarudi Uvira kwa miguu, na safari hii mwendo wa kurudi nitautembea wote.

Pumzika, Bwana Hesabu.

Boni