Wale Wadogo Karibu na Kioo

3 Februari

Mama, shikamoo.

Natumaini u mzima na ule mguu umepunguza kelele. Mimi nimefika salama. Kazi ni ileile ya kutengeneza majokofu, ila ya hapa ni makubwa kama nyumba. Unaingia umevaa koti, unatoka meno yanagongana.

Nakuandikia kwa sababu simu umeshaikana, unasema inakuletea vumi tu. Asante kwa kuupokea mzigo wangu, lile tangi la samaki la marehemu mke wangu. Najua hukulipenda hata alipokuwa hai. Katikati alisimamisha kioo. Kulia kuna watatu wakubwa wenye rangi, kushoto watatu wadogo wa kijivu. Ni aina mbili, ndiyo maana binti yako aliwatenga wasidhuriane. Alitamani sana wazae, miaka mitatu, hawakuzaa. Maji yakiwa na rangi ya chai usishtuke, ni majani makavu ya mti wa mkungu aliyoyaweka. Usiyamwage. Daftari lake la samaki ninalo huku.

Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja, ila wanasema naweza kuongeza. Sikufichi, mama, nyumba ile imekuwa kimya mno kwangu. Nisiporudi, wape tangi wenye duka la samaki wa mapambo.

Mkweo, kama jina hilo bado ni langu


19 Machi

Mkwe wangu, marahaba.

Mimi mzima, mguu hauna jipya. Na uache ujinga wako wa "kama jina hilo bado ni langu". Nani kakwambia ukwe una tarehe ya kuisha, kama dawa?

Sasa nisikilize. Nimeshona nguo za watu miaka arobaini. Siku niliyopata barua yako nilikaa mbele ya tangi na lenzi yangu ya kutungia uzi. Wale wakubwa wana mstari mweusi ubavuni, unaanzia jichoni unaishia na doa dogo penye shina la mkia. Nikahamia kwa wadogo. Mstari uleule, doa lilelile, mahali palepale! Nikasema, hiki ni kitambaa kimoja, mshono ndio tofauti. Wakubwa wameshonewa nguo za harusi, mapezi marefu na mkia wenye pindo jekundu. Wadogo wamevaa za kazini.

Nikaenda duka la samaki. Muuzaji akafungua kitabu chake, akacheka. "Mama, hao ni mume na mke. Ukoo mmoja na perege, ila hawa ni vibete." Binti yangu, Mungu amrehemu, kawatenga bwana harusi na bibi harusi miaka mitatu, halafu analalamika hawazai! Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Sikuwa nimecheka hivyo tangu tumzike. Kioo nikakitoa siku hiyohiyo.

La pili silipendi kuliandika. Baada ya wiki mbili, mdogo mmoja akageuka manjano kama bizari, akawa anamfukuza dume kona hadi kona. Nikajua ni ugonjwa. Nikamtoa, nikamweka kwenye beseni apumzike. Kesho yake nikainua kigae cha chungu kilichofunikwa chini ya tangi. Kwenye dari yake kuna mayai mekundu, machache tu yamebaki, na dume yuko hapo anamalizia kuyala. Muuzaji akaniambia manjano ndiyo nguo ya mama anayelinda mayai. Hakuwa mgonjwa, alikuwa kazini. Nimemtoa mama kwa watoto wake, mimi niliyezaa. Nisamehe. Nilitaka nikuandikie habari njema.

Mama mkwe wako


30 Mei

Mkwe wangu,

Hujambo huko? Miezi miwili na zaidi sina barua. Najua umekasirika, na una haki. Yule wa manjano nilimrudisha. Yu hai, ila amekuwa kijivu tena. Kila asubuhi kabla ya chai namwomba radhi, naye ananipa mkia.

Kama hutaki kunisemesha mimi, basi niulize habari za samaki. Nimeshampoteza binti. Sitaki nikupoteze na wewe kwa ajili ya beseni.

Mama mkwe wako


11 Juni

Mama, shikamoo.

Ni mimi wa kuomba radhi. Sikukasirika hata kidogo. Barua yako ilinikuta nimejaza nusu ya fomu ya kuongeza mkataba. Niliposoma habari ya kile kioo nikafungua daftari lake, na nilichokikuta nikaogopa kukuandikia, nisije nikakuliza. Lakini ni chako pia. Ukurasa wa mwisho, wiki aliyolazwa, ameandika: "Wale wadogo wanakaa karibu na kioo siku nzima. Sijui wanataka nini."

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Siku zile za mwisho alikuwa ananifukuza chumbani. Nenda kazini, usinitazame. Nilidhani amenichoka, na nimetembea na dhana hiyo hadi huku. Kisha ukaniandikia juu ya yule wa manjano. Sasa naamini alikuwa ananilinda, nisimwone anavyoisha. Asante, mama. Hujui umenitua nini.

Daftari linasema wanapenda maji ya mvua. Jaribu. Fomu bado iko mezani, nusu.

Mkweo


2 Septemba

Mkwe wangu, marahaba mara mia.

Kaa chini kwanza.

Barua yako nililia nayo, nikanawa uso, na zilipodondoka zile mvua chache za Agosti nikatoka kukinga kwa ndoo zote na hata sufuria yangu mpya. Wiki mbili zilizopita akavaa manjano. Safari hii mikono yangu niliikalia. Akamfukuza dume, akamfukuza hata konokono. Jana katoka chini ya kigae na watoto! Nimehesabu thelathini na wanne, kama sijamrudia mmoja. Mama akitikisa mapezi, wote wanalala chini. Akitulia, wanainuka. Nawapa kiini cha yai la kuchemsha, nakikamua kwenye kipande cha bitana. Kile kioo kiko kwenye meza yangu ya kukatia, kinakandamiza karatasi za vipimo.

Namshukuru Mungu, na nakushukuru wewe. Nilidhani umeniachia kazi, kumbe umeniachia kitu cha kuamkia. Chumba cha nyuma nimekitoa marobota ya vitambaa. Sikwambii uje. Nakwambia tu kitanda kipo, jokofu langu linavuja, na mafundi wa huku ni waongo.

Mama yako


20 Septemba

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Fomu nimeirudisha ikiwa nusu vilevile, nikawaambia hapana. Mkataba ukiisha Februari, nakuja.

Nakuja na daftari lake, bado lina kurasa za kutosha kwa watoto wote. Chini ya ile sentensi yake nimemjibu kwa mkono wangu: "Walitaka kuvuka. Mama amewavusha."

Jokofu asiliguse mtu. Na yeyote akigeuka manjano, mwache hapohapo alipo.

Mwanao