Kwa Ignasi Sulle, Aliyetoa Mabakuli Saba Katika Gogo Moja

Mwaka umetimia, Baba Eva, tangu Jumanne ile ulipoacha chai nusu kikombe, ukasema unajilaza kidogo, na hukuamka tena. Waliokuja kukuzika walikuwa wengi kuliko viti vya Endagikot nzima, na wewe, mtu usiyependa kelele, ulilala katikati yao kimya kama kawaida yako.

Tunakumbuka upole wako. Miaka kumi na tisa nyumba hii haikukosa watu, kwa sababu yangu na kibanda changu cha chai, na hukuwahi kuniambia nimpunguze hata mmoja. Ulikuwa unaingia, unawapa wakubwa shikamoo mmoja mmoja hata wakiwa kumi, unavuta benchi apate nafasi aliyesimama, halafu unarudi kwenye mashine yako ya kukereza, ile inayozungusha gogo likichongwa. Kuku walikufuata kwa ajili ya maranda uliyowatandikia kwenye viota. Na katika kila gogo, bakuli dogo kabisa la katikati hukuliuza. Lilikwenda kwa mtoto aliyezaliwa mwezi huo hapa jirani.

Tunakumbuka kazi yako. Mafundi wengine huchukua gogo zima wakatoa bakuli moja, katikati yote ikawa maranda. Wewe ulisema mti uliokaa shambani miaka hamsini haustahili kutupwa hivyo. Ukapinda chuma kama mundu, ukajifunza kukiingiza usoni mwa gogo kikazunguka kwa ndani, likatoka bakuli dogo, kisha la pili kubwa zaidi, kila moja likitoka ndani ya mwenzake. Ulifika saba katika gogo moja la mringaringa. Ukiyapanga yanaingiana, na mistari ya mti inafuatana kutoka la kwanza hadi la mwisho. Hayo saba, safari hii hata lile dogo, uliyatoa parokiani yabebe matoleo ya mavuno. Hukuandika jina. Ulisema Mungu anajua.

Mungu anajua, ndiyo. Ila Patriki naye alijua kwamba hukuandika.

Huyu Patriki ulimpa kona ya karakana yako miaka minne. Alikuwa anapiga msasa nje, chini ya bati, na saa ya kula mlikula sahani moja. Siku ya tatu ya msiba, maturubai hayajashushwa, akawaambia wazee kwamba mabakuli ya parokiani aliyakereza yeye. Eti Ignasi alikuwa mtu mwema, lakini mkono ulikuwa wa Patriki. Akachukua na kile chuma chako kilichopinda, akisema ni mali yake, akaenda kufungua karakana Katesh. Haukupita muda tukasikia kamati ya parokia inataka kuchoma jina lake chini ya bakuli kubwa.

Nilikwenda kulalamika. Akanijibu mbele ya kamati yote: "Mama Eva, wewe kaa na makande yako. Kazi ya fundi utaijulia wapi?"

Wakacheka, Baba Eva. Watu waliokunywa chai yangu wakacheka.

Mwenyekiti, Mzee Emanuel, hakucheka. Alisema aliyetoa saba hashindwi kutoa matatu, basi mwaka wa msiba ukikaribia kutimia, baada ya ibada, kila upande uweke mtu kwenye mashine, watu waone, na jina litakalochomwa litajulikana hapo. Patriki alikubali upesi sana, kwa sababu mtu pekee wa kumshinda tulikuwa tumeshamzika. Akauliza kwa dharau familia itamleta nani. Nikamwambia atamwona.

Mdogo wako Festo alinitengenezea vyuma vitatu kule Nangwa kwa springi ya lori. Nikaanza na magogo ya kuni. La kwanza nilianza na bakuli kubwa, kiini chote kikachomoka, kikakosa pa kushikwa kwenye mashine. Hapo ndipo nilipojua kwa nini ulianza na lile dogo la katikati. La pili nilitoboa kitako. La tatu chuma kiliuma, gogo likaruka likavunja dirisha la jikoni. Nilipofika la kumi na moja Getruda, dada yako, aliniambia niache kabla sijaikosesha familia mtu wa pili. Kila mara chuma kilikuwa kinakwama ndani, nami nakisukuma kwa hasira, maana nilikuwa nikilitazama gogo naona uso wa mtu fulani.

Halafu siku moja, nikiwa nimesimama hapo nimechoka, Getruda akaanza kunipa habari za harusi moja ya mjini Mbulu. Alipofika mahali patamu nikachomoa chuma ili nisikie vizuri, nikamwambia, "Ikawaje?" Maranda yakamwagika kutoka kwenye ule mfereji. Nikarudisha chuma, kikaenda kama kisu kwenye siagi.

Nilikaa chini, Baba Eva. Nilikuwa nakuletea chai karakanani na habari za mtaa wote, na wewe kila baada ya maneno mawili matatu unachomoa chuma na kuniuliza, "Ikawaje?" Miaka yote hiyo nilijua unasimama kwa ajili ya umbea wangu. Kumbe unatoa maranda yasikabe. Nililia kwa mara ya kwanza tangu makaburini. Getruda akasema maranda mtu anaweza kuyatoa bila kuuliza kitu. Hilo nimelishika na sitaliachia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili iliyopita, uwanja wa parokia, kwenye mashine yako. Walikuja hadi watu wa kule Dirma. Patriki alianza. Alivaa aproni mpya na kukishika chuma chako kama mwenye nacho. Akaanzia kubwa. Hakuchomoa hata mara moja. Moshi ukatoka, akasukuma, chuma kikapita kitako kizima, na ukingo wa gogo ukamtoka ukaanguka miguuni kwa Mzee Emanuel. Duara tupu, halina chini.

Getruda akauliza kwa upole, "Patriki, hilo tulivae au tulitilie uji?"

Akasema umeme ni mdogo. Kwa umeme ule ule nikapanda mimi. Nilimweka Getruda kwenye kigoda karibu yangu nikamwomba anipe habari, na habari tuliyoichagua ni ya Patriki mwenyewe: jinsi alivyompelekea mama mkwe wake bakuli lenye ufa aliouziba kwa gundi na vumbi la mbao, na siku ya wageni uji wa moto ukaiyeyusha gundi. Kila mahali patamu nilichomoa chuma nikauliza ikawaje. Mara ya nne uwanja mzima uliuliza pamoja nami. Uji ulipofika mapajani kwa mama mkwe, bakuli la tatu lilikuwa mkononi mwangu.

Nikayapanga. Mzee Emanuel akafuata mistari kwa kidole, akayainua watu waone. Aliuliza chuma cha kuchomea jina kiko wapi.

Limechomwa, Baba Eva. IGNASI SULLE, chini ya bakuli kubwa. Binti yetu Eva ndiye aliyeshika chuma.

Jumatatu Patriki alikuja na wazee wawili kurudisha chuma chako na kuomba msamaha. Nyumba ilikuwa imejaa, nilihakikisha. Nilimwambia aseme kwa sauti, waliokaa mlangoni hawasikii. Akasema tena. Nikamwomba arudie kwa ajili ya waliochelewa. Wazee niliwapa heshima yao, nikawapa makande, na yeye nikampa sahani iliyojaa kama wengine, kwa sababu wewe ungempa. Kuhusu kusamehe nimewaambia bado, na padri nimemwambia vivyo hivyo. Nikiwa tayari nitamwita mwenyewe. Sina haraka.

Lile duara lake nimelitundika juu ya mlango wa kibanda. Jina lake nimelichoma hapo kwa herufi kubwa kuliko zako. Kila anayeingia kunywa chai anauliza ni nini, nami namweleza tangu mwanzo. Wa Katesh wakifika nawaongezea chai ili wasikie hadi mwisho.

Bakuli dogo kati ya yale matatu limekwenda kwa mtoto wa Monica, jirani wa bondeni, aliyezaliwa Alhamisi. Zamu yako tunaishika.

Unakumbukwa na mkeo Benedikta, binti yako Eva, mdogo wako Festo na familia yake ya Nangwa, dada yako Getruda, ukoo wote wa Sulle, na benchi zote mbili za kibanda cha chai. Siku zote utabaki nasi, Baba Eva. Patriki naye atakukumbuka. Hilo tumelishughulikia.