Kitufe cha Kukataa

Chumba cha juu, nyuma ya karakana ya baiskeli
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

Hujambo? Mgongo umepoa, au bado unabeba maboksi peke yako kama vile hapo kazini hakuna wengine? Shemeji na watoto je? Sisi huku wazima. Mama anasema umekonda kwenye picha, basi kula.

Barua yako nimeipata. Unaniambia niombe radhi yaishe. Dada, nakuheshimu, lakini kwa hili hapana. Nisikilize kwanza.

Unakumbuka nilivyoikuta ile kampuni: timu nne za kutengeneza tovuti, kila moja na vitufe vyake. Huku vya kijani, kule vya bluu, kwingine duara kama vifungo vya koti. Mteja akifungua ukurasa mwingine anadhani amepotea. Nikasema tuwe na ghala moja: vitufe, menyu, visanduku vya kuandikia, tuvitengeneze vizuri mara moja, kila timu ichukue humo. Walinicheka! Na yule mchoraji wetu tunayemwita Bwana Sentimita, tuligombana naye wiki nzima juu ya unene wa mstari wa kuzunguka kitufe tu. Lakini leo tovuti zote zinachota ghalani. Nikirekebisha kitu humo, kinarekebika kila mahali. Najivunia, wala sifichi.

Humo ghalani vitufe vya "Kubali" na "Kataa", vile vya kumuuliza mteja kama anataka kutumiwa matangazo, ni kipande kimoja. Ukichukua hiki, na kile kinakuja, ukubwa uleule. Nilifanya hivyo kwa sababu ya Mama. Siku moja alinipa simu yake, uso ameukunja: "Hebu nionyeshe, hapa pa kukataa ni wapi?" Palikuwepo, dada, maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Alikuwa ameshabonyeza kukubali, na matangazo yakamwandama mwezi mzima.

Sasa bosi anataka na sisi tufanye vilevile. Kitufe cha kukataa kififie, wateja wasikione. Nikigusa mara moja tu ghalani, kurasa zote zinaharibika kwa mkono wangu. Nikamwambia mbele ya watu, sifanyi. Akamgeukia Bwana Sentimita. Naye, hata macho hakuinua: "Mimi sigusi. Ule mstari nimeugombania." Mkaidi yule, nusura nimkumbatie!

Ndipo ikaja hiyo karatasi ya kuomba radhi uliyosimuliwa na Mama. Nitie sahihi, au nitafute kazi kwingine. Naogopa, nisikudanganye. Dawa za Mama natoa mimi. Lakini siwezi kuwafanya mama za watu wajinga ili nimnunulie wangu dawa.

Basi jana nilikaa na hiyo karatasi mezani. Chini wameweka mstari mmoja tu: "Nakubali". Nikachukua rula, nikachora wa pili pembeni yake, urefu uleule, nikaandika "Nakataa", nikatia sahihi hapo. Kesho naipeleka mwenyewe. Nilimwonyesha Mama. Akavaa miwani, akaisoma yote polepole, akasema, "Haya. Hapa napaona."

Msalimie Shemeji, na mwambie yule kitinda mimba wako aache kunitumia picha za paka. Mungu akulinde huko uliko, akupe na wa kukusaidia maboksi.

Wako akupendaye hata unapomkasirikia,
Mdogo wako