Kilo Tisini Zilizokosekana Kwenye Kipimo

Mama Sulabha mpendwa,

Wewe unayewashauri wasomaji gazetini, nishike mkono kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu saa nne asubuhi wakubwa wa kampuni yetu wanakaa kuamua jambo kubwa, na mimi na mume wangu tu ndio tunaojua kwamba hesabu iliyo mbele yao si ya kweli, na hesabu hiyo niliiandika mimi.

Ni mhandisi wa injini katika kiwanda kimoja cha magari hapa Chakan, jina la kampuni naomba nilifiche, nimeolewa Pimpri katika nyumba ya ukoo, mimi na mume wangu Omkar tunakaa juu, na kaka yake mkubwa, Vinayak, anakaa chini na mkewe na mama mkwe wangu, na huyu shemeji Vinayak ndiye kiongozi wa wafanyakazi kwenye karakana ya injini ndogo ya dizeli ya kiwanda hicho hicho. Miaka miwili tumekula pamoja bila kupatana, kwa sababu yeye ni mtu wa karakana na mimi ni mtu wa ofisini, na ofisi ilikuwa inataka kuifunga karakana yake, maana gari dogo linalotumia injini ile halileti faida ya maana, faida inatoka kwenye yale magari makubwa ya juu ambayo siku hizi kila mtu anayataka. Kila nikirudi jioni ananiuliza mbele ya watu wote, "Shemeji, leo mmekata shingo ngapi huko juu?" na mimi namega mkate wangu wa bhakri natia mdomoni ili nisijibu.

Halafu ikaja kanuni mpya ya mafuta. Serikali haitazami gari moja moja, inachukua magari yote kampuni iliyouza mwaka mzima, inapiga wastani wa mafuta yanayotumika, na mkishindwa kufikia kiwango mnatozwa faini ya kuumiza. Yale makubwa yetu yanakunywa mafuta bila huruma, kwa hiyo gari dogo likapata thamani ghafla: likiweza kwenda kilomita ishirini na sita kwa lita moja, linayabeba yale makubwa kwenye wastani, na litafaa kuendelea kutengenezwa hata kama lenyewe faida yake ni ndogo. Nikaambiwa nipime. Nikapima, ikatoka ishirini na sita na nusu.

Mama, sijui nikueleze vipi furaha iliyoingia nyumbani. Vinayak alikuja na boksi la pedha, zile tamutamu za maziwa, akanilisha ya kwanza kwa mkono wake, mama yake anaangalia, akasema, "Kuanzia leo asitokee mtu wa kumtania shemeji yangu, watu mia sita na arobaini wanakula kwa kichwa chake." Sikukuu ya Dasara, siku ya kubariki zana za kazi, watu wa karakana waliivisha injini shada la maua kama kawaida yao, ila safari hii wakaandika na jina langu kwa chaki ukutani. Mke wa Vinayak siku hizi ananipakulia kwanza.

Siku kumi na moja zilizopita fundi Shelar, ambaye ana miaka thelathini kwenye mtambo wa kupimia na mwakani anastaafu, akanijia na karatasi mkononi. Ule mtambo gari linakimbia juu ya magurudumu ya chuma bila kutoka pale lilipo, kwa hiyo lazima uuambie gari lina uzito gani. Akaniuliza kwa upole, "Mama, hapa naona kilo tisini zimepungua, au macho yangu?" Nikatazama nikaona mara moja. Nilikuwa nimeweka uzito wa gari la zamani, kabla hatujaongeza mifuko ya hewa na kuimarisha milango. Na kabla sijafikiri mdomo ukasema, "Umesoma karatasi ya zamani, fundi. Itupe." Akaniomba radhi, Mama Sulabha. Mzee yule akaniomba radhi mimi.

Nilirudia kipimo Jumapili nikiwa peke yangu. Ishirini na tano na robo.

Omkar anasema ninyamaze. Anasema, "Baada ya miezi mitatu maabara ya serikali itapima yenyewe. Waache wao waseme, isiwe wewe. Unataka kaka yangu akutazame vipi?" Sili, usingizi sina, Vinayak akinicheka kwa wema natamani kumkimbia. Nikisema, nawafungia watu mlango kwa mkono wangu. Nisiposema, sijui nitakuwa mtu wa namna gani. Nifanye nini?

Mhandisi wa Chakan

*

Binti yangu,

Nakujibu moja kwa moja leo Ijumaa, kwa namba uliyoniachia, kwa kuwa gazeti litakuwa limechelewa.

Kwanza pole. Kukosea uzito wa gari ni kosa la mtu aliyechoka, na ungelisema siku ile ile ungegombezwa ukaenda nyumbani ukalala. Hilo sikulaumu. Ninachokulaumu ni ulivyomtendea Shelar. Mtu aliona sawasawa, ukamfanya aamini macho yake yameanza kumsaliti, mwaka mmoja kabla ya kustaafu! Siku kumi na moja anatembea humo kiwandani akidhani amezeeka. Umeniandikia kurasa tatu juu ya shemeji yako, huyu mzee umempa mistari michache, wakati yeye ndiye uliyemdhulumu kwa kujua.

Na mumeo namwambia hivi, kama anasoma: bwana Omkar, unamlinda nani? Hao wakubwa Jumatatu wakiamini ishirini na sita na nusu, watanunua mitambo ya dizeli na kuacha kila mpango mwingine. Baada ya miezi mitatu serikali itapima, gari litaanguka, na hapo hakutakuwa na mpango wa pili wala muda wa kuutafuta. Hao watu mia sita na arobaini watatolewa wote kwa siku moja. Kaka yako akiwemo. Kunyamaza kwenu hakumfichi Vinayak na mvua, kunamwacha alale hadi maji yamfike shingoni.

Na wewe binti, usiniambie unamwonea Vinayak huruma. Unaogopa kurudi kuwa mtu wa ofisini asiyepakuliwa kwanza. Naelewa, ni jambo chungu, hata mimi nimekaa nyumba ya ukoo miaka ishirini na sita. Lakini heshima hiyo ulipewa kwa namba ambayo haipo.

Leo kabla ya kutoka kazini nenda kwa Shelar, mwambie kwa mdomo wako kwamba aliona vizuri na wewe ulimdanganya. Kesho asubuhi mfuate mkuu wako na vipimo vyote viwili mkononi, usipeleke machozi, peleka karatasi. Muulize kuna injini gani nyingine inayoweza kuingia kwenye gari lile, ili Jumatatu wawe na kitu cha kuamua. Na Jumapili umwambie Vinayak wewe mwenyewe, asubuhi, kabla hajasikia getini. Usimtume mumeo.

Sulabha

*

Wasomaji wangu, binti huyu ameniruhusu kuchapa barua zetu sasa uamuzi umetoka, akaniongezea hii.

Mama Sulabha,

Shelar nilimkuta anafunga kabati lake. Nilipomaliza kusema alikaa kwenye kiti, akafuta miwani yake. Akasema, "Nilikwishaweka miadi na daktari wa macho." Kesho yake nilipoingia kwa mkuu wangu, Bwana Karkhanis, nilimkuta Shelar mlangoni na karatasi yake ile ile, hakuwa ameitupa.

Bwana Karkhanis hakupiga kelele. Aliuliza, "Unajua nimewaahidi nini kule juu?" kisha akazilaza karatasi zote mbili mezani. Nimepewa onyo la maandishi na nimeondolewa kwenye vipimo. Tulikaa hapo hadi jioni, watatu, tukipiga hesabu ya injini ya petroli iliyobadilishwa itumie gesi.

Jumapili nikamwambia Vinayak wakati wa chai. Aliweka kikombe chini. "Miaka miwili nilikuwa nakuchokoza," akasema, "leo hata la kukuchokoza sina." Akatoka. Mkewe akakusanya vyombo, changu akakiacha.

Jumatatu wakaamua. Injini ndogo ya dizeli inasimamishwa mwezi Machi. Gari dogo linabaki, kwa injini ya gesi, kwa kuwa gesi inatosha kuwabebea wastani wao. Watu mia nne watafundishwa injini mpya. Mia mbili na arobaini hawana nafasi, na chama cha wafanyakazi bado kinapambana juu yao. Vinayak yumo kwenye mia nne, na hilo, yeye akiwa kiongozi wao, limemuumiza kuliko kama angekuwa miongoni mwa wale wengine.

Siku tisa hakunisemesha. Siku ya kumi alisimama chini ya ngazi akaita, "Shemeji! Vaa viatu." Nikamfuata bila kuuliza. Alinipeleka mpaka kwenye geti la kiwanda, ambako karakana nzima ilikuwa imekusanyika, akanipandisha juu ya kreti. "Waeleze," akasema. "Kama ulivyonieleza mimi. Uzito, kipimo, gesi, yote."

Nilianza. Kabla sijafika mbali mtu akapiga kelele, "Mshushe huyo! Ndiye aliyetuzika!" wakadakia wengine, mmoja akarusha chupa ya maji ikapita karibu na sikio langu.

Vinayak akapanda kando yangu.

"Nyamazeni!" akasema. "Habari tamu ya uongo nilishaila mimi, tena niliwalisha na nyinyi. Sasa mwacheni mama aseme. Tena aanze upya, wa nyuma hawakusikia."

Nikaanza upya, kwa sauti.